Sindano za Urembo: Tusichague kwa Kuogopa Maumivu

Msimu wa korosho ukifika na pesa za minada zikaanza kuingia mifukoni, sisi wauguzi huulizwa maswali ambayo mwezi wa tatu hatuulizwi. Nilipokuwa likizo nyumbani Nandagala, mabinti wawili wa jirani, mtu na mdogo wake, walinifuata jikoni. Baada ya shikamoo na marahaba walikaa kimya kidogo, kisha mkubwa akatoa la moyoni. Kipi bora, dripu ya kung'arisha ngozi, au vile visindano vidogo vinavyochomwa usoni?

Yeye amekaa Dar es Salaam miaka miwili na alikuwa ameshachagua dripu. "Mama, ile unachomwa mara moja tu, unalala, maji yanaingia, huumii." Mdogo wake aliiogopa dripu, lakini alikuwa amesikia kwamba sindano za usoni zinaonyesha haraka. Walitaka niamue ipi haiumi na ipi inafanya kazi.

Sikuwacheka. Bibi zetu wa Kimwera na Kimakonde walichanjwa chale usoni na kutobolewa mdomo wa juu ili wavae ndonya, na uchungu wake haukuwa mdogo. Kwa hiyo sisemi kwamba mabinti wa leo ni wapumbavu kuliko bibi zao. Lakini bibi alimjua aliyemchanja, alikiona kilichopakwa katika kidonda, na alijua kwamba alama ile haitafutika. Binti anayelala kwenye kitanda cha saluni na dripu mkononi aghalabu hajui hata kimoja katika hayo matatu.

Nimechoma watu sindano kwa karibu miaka 30, na nasema wazi kwamba maumivu si kipimo cha ubaya wa dawa. Wako watoto ambao vali za moyo zimeharibika kwa homa ya baridi yabisi. Hao huchomwa penisilini nzito kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Ni sindano inayouma sana, mtoto akimwona muuguzi tu analia, lakini ndiyo inayozuia moyo usiharibike zaidi. Vivyo hivyo sindano ya kupunguza makovu yaliyovimba, yale ya keloidi. Inauma, hurudiwa mara kadhaa, na watu wengi huwasaidia. Dripu, kinyume chake, ikishaingia mshipani huisikii. Na hiyo ndiyo njia ambayo dawa mbaya, au vijidudu vya sindano chafu, hufika katika damu yote kwa dakika chache bila kizuizi.

Wazee watakumbuka pia sindano za kwinini za matakoni. Dawa yenyewe iliokoa wengi, lakini wapo watoto waliobaki na mguu uliolemaa kwa sababu mchomaji aligusa mshipa mkubwa wa fahamu. Mkono wa anayechoma nao ni sehemu ya dawa.

Sasa hiyo dripu ina nini? Mara nyingi ni glutathioni, pengine imechanganywa na vitamini C. Glutathioni ni kitu ambacho miili yetu inajitengenezea, hasa katika ini. Hospitalini ina kazi yake. Huko Ufilipino, kwa mfano, iliruhusiwa kuwasaidia wagonjwa wa saratani wanaotumia dawa kali ya sisplatini. Lakini kwa kubadili rangi ya ngozi haikuidhinishwa, na mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya nchi hiyohiyo ilitoa onyo juu ya madhara kwa ini, figo na mishipa ya fahamu, pamoja na ugonjwa wa ngozi kuchubuka kama iliyoungua moto. Marekani nayo iliwaonya wananchi wake mwaka 2015 juu ya sindano za kung'arisha ngozi. Na hata anayeona mabadiliko, akiacha rangi yake hurudi. Ndiyo maana wauzaji humwambia arudi kila wiki.

Visindano vya usoni ni habari nyingine, na haifai kuviweka vyote katika kapu moja. Ipo ile inayojulikana kwa jina la Botox. Ni sumu ya bakteria iliyopimwa kwa kiasi kidogo sana, inayolegeza misuli inayokunja ngozi. Marekani iliiruhusu kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Inauma kidogo tu, huonekana baada ya siku kadhaa, na kazi yake huisha baada ya miezi mitatu au minne. Zipo pia dawa za kujaza, zinazonenepesha ngozi iliyobonyea. Hizo huonekana papo hapo, na nyingine huchanganywa na dawa ya ganzi ili zisiume. Kwa daktari aliyesomea, zote mbili hufanya kazi. Lakini dawa ya kujaza ikiingia katika mshipa wa damu usoni, ngozi hufa, au jicho hupofuka. Katika ngozi zetu nyeusi kila tundu la sindano linaweza pia kuacha doa jeusi, na kwa wenye asili ya keloidi likaacha kovu la kuvimba.

Niliwauliza, mikunjo mnayo? Walicheka. Mdogo ana miaka 19. Alichokuwa nacho ni madoa ya chunusi alizozibinya, na weusi wa mashavu kwa kushinda juani akiokota korosho. Kwa hayo sindano ya nini? Chunusi zitibiwe, mikono iache kubinya, na kofia pana ivaliwe shambani. Mafuta ya ganda la korosho yasifike usoni, maana yanaunguza ngozi. Madoa yanahitaji miezi, si siku.

Weusi tunaoukimbia ni kinga. Waangalieni ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga hiyo. Jua hilihili la Ruangwa huwaletea saratani wakiwa bado vijana. Kule KCMC Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, hutengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga na jua. Kituo hicho pia kimefundisha wataalamu wengi wa ngozi. Mwenye tatizo la kweli la ngozi aombe rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa namna hiyo kabla ya kwenda saluni.

Tusidhani pia kwamba anayekwepa sindano akanunua krimu amepona. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamejipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki.

Binti mkubwa alikuwa ameshatanguliza nusu ya malipo. Nikamwambia apige simu aulize mambo matatu tu: chupa imeandikwa nini, dawa imesajiliwa na TMDA, na anayechoma amesomea wapi. Alipiga palepale jikoni. Aliyepokea alijibu kwamba ni vitamini tu, asiwe na wasiwasi, na kwamba hata haiumi. Alipouliza tena jina la dawa, simu ikakatwa.

Mdogo wake amenunua kofia ya ukindu. Yeye mkubwa, mpaka naondoka Nandagala, alikuwa bado anadai arudishiwe pesa zake.