Hodi Isiyongoja Jibu

Hapa kwetu Isiolo, uwe Mborana, Mturkana, Msomali au Mmeru, huingii kwa mtu hivi hivi. Unapiga hodi, unangoja. Usipojibiwa mara ya tatu unaenda zako. Lakini kuna mgeni mmoja asiyeijua adabu hii, naye tunatembea naye mfukoni. Ni kivinjari, ile programu ya simu tunayofungulia intaneti.

Mwaka huu mama alipimwa akaambiwa ana sukari. Yeye huuza maziwa ya ngamia sokoni, na hakutaka habari hiyo ienee kabla hajaizoea. Aliniambia mimi peke yangu, akanipa simu yake nimsomee vyakula vinavyofaa. Kila tovuti niliyofungua ilinitolea maandishi marefu ya Kiingereza na kitufe kikubwa cha kukubali. Nikabonyeza. Nani ana wakati, na bando lenyewe ni la shilingi 20?

Kesho yake mjomba akaazima simu ile asome habari. Matangazo ya dawa za sukari yakamjaa machoni. "Dada, kumbe unaumwa na hukusema?" Mama akanitazama mimi. Alidhani nimemsaliti.

Je, nilikuwa nimekubali kweli? Hapo ndipo nina ubishi. Kitufe kile kiliruhusu vidakuzi, yaani vijifaili vinavyobaki simuni na kuwaambia wenye matangazo kwamba huyu ndiye yule aliyesoma kuhusu sukari jana. Kukubali ni mguso mmoja, kukataa kumefichwa huko ndani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hapa Kenya yataka idhini iwe ya hiari na ya wazi, na mtu awe ameelezwa. Tena data ya mtoto yahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mimi nina miaka 16. Hakuna aliyemuuliza mama.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu waliniambia, "Si ungetumia ule ukurasa wa siri!" Ungenisaidia kidogo, maana vidakuzi vyake hufutwa ukiufunga. Lakini ni simu tu inayosahau. Tovuti bado zinakuona. Mwaka 2020 watumiaji wa Chrome walishtaki Google huko Marekani kwa ajili ya siri hiyo isiyo siri, na mwaka 2024 kampuni ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi.

Sisemi tuache intaneti, la hasha. Nataka kitufe cha kukataa kiwe kikubwa kama kile cha kukubali, na maelezo yawe kwa Kiswahili ambacho mama anakisoma. Kwa sasa mimi hutafuta pa kukataa kwanza, hata bando likiisha.

Haya nimeyaandika kwa ruhusa ya mama. Nilipomwomba mara ya kwanza alikataa, nami nikaweka kalamu chini. Juma lililofuata aliniita mwenyewe.