Noti za Uskoti na bahasha ya mayatima



Mwishoni mwa Ramadhani iliyopita, kijana wa mtaa wetu aishiye Glasgow alikuja kuwasalimu wazazi wake, na kabla ya kurejea alitukabidhi bahasha kwa ajili ya ada za watoto mayatima. Ndani yake mlikuwa na noti sita za pauni 20. Tulimwandikia stakabadhi, tukamwombea dua, naye akaenda zake. Siku ya tatu mweka hazina wetu alizipeleka katika duka moja la kubadilisha fedha mjini. Aliyekuwa dirishani alizigeuza mara moja tu, akazisukuma nyuma, akasema hazina sura ya Malkia wala ya Mfalme, hivyo hazipokelewi.

Yaliyofuata hatuoni fahari kuyasimulia. Katika kikao, mmoja wetu alisema huenda kijana amelaghaiwa. Wa pili alisema huenda ndiye aliyetulaghai. Wa tatu hakusema kitu, bali alimtazama mweka hazina, na mtazamo ule ulikuwa mzito kuliko maneno ya wale wawili. Nasi ambao kazi yetu ni kuandika, tuliandika katika muhtasari: noti sita zenye shaka. Habari ilimfikia mama mzazi wa kijana kabla ya Isha, na kwa wiki mbili mama huyo hakuonekana msikitini.

Noti zile zilikuwa za kweli. Na kwa kuwa familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zina mtoto, shangazi au ndugu katika miji ya Uingereza, tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kama lilivyo.

Katika dola ya Uingereza, Benki Kuu iliyoko London siyo pekee inayochapa noti. Katika Uskoti benki tatu za biashara zinatoa noti zao zenyewe: Bank of Scotland, Royal Bank of Scotland na Clydesdale Bank. Katika Ireland ya Kaskazini nako zipo tatu: Bank of Ireland, Danske Bank na Ulster Bank. Zote ni pauni ileile, thamani ileile, isipokuwa sura iliyochapwa ni nyingine. Visiwa vya Jersey, Guernsey na Man, ambavyo si sehemu ya dola hiyo ingawa viko chini ya taji lake, navyo vina noti na sarafu zao.

Waskoti wameishikilia haki hiyo kwa muda mrefu. Bank of Scotland ilianzishwa mwaka 1695. Mwaka 1826 serikali ya London ilipotaka kuzifuta noti ndogo zilizo chini ya pauni 5, mwandishi wao mashuhuri Walter Scott alichapisha barua za kupinga katika gazeti la Edinburgh kwa jina la kubuni, na serikali ikaiacha Uskoti na noti zake. Hadi leo sura yake imo kwenye noti za Bank of Scotland. Ndiyo sura aliyoiona yule bwana wa dirishani na asiitambue.

Sasa, je, mwenye duka wa London analazimika kuipokea noti hiyo? Jibu ni hapana. Lakini sababu yake siyo ile ambayo wengi huitaja.

Wengi husema hakatazwi kuikataa kwa kuwa si fedha halali nje ya Uskoti. Kwa istilahi ya sheria, noti ya Uskoti si fedha halali ya malipo hata ndani ya Uskoti kwenyewe! Na la kustaajabisha zaidi, noti ya Benki Kuu ya London nayo si fedha halali ya malipo huko. Tangu noti ya pauni 1 ya Benki Kuu ilipoondolewa mwaka 1988, Uskoti haina noti yoyote yenye hadhi hiyo. Zilizobaki ni sarafu tu. Ilhali watu wa huko wananunua, wanauza na kulipana mishahara kila siku bila shida.

Hii ni kwa sababu maneno hayo, fedha halali ya malipo, yana maana finyu mno katika sheria yao. Yanahusu deni. Mdaiwa akilileta deni lake kamili kwa fedha yenye hadhi hiyo, mdai akakataa, basi hawezi tena kumshinda mahakamani kwa madai ya kutolipwa. Dukani, kabla ya mauzo kukamilika, hakuna deni. Kuna mtu anayetaka kununua na mtu anayetaka kuuza, na kila mmoja yu huru kutoridhia. Mwenye duka anaweza kukataa noti ya Uskoti, noti ya pauni 50 ya Benki Kuu yenyewe, au fedha taslimu zote akataka kadi peke yake. Aliyewahi kukaa mbele ya walimu wa fiqhi ya muamalat hatashangaa: biashara ni kuridhiana, na bei ikitajwa bila kubainisha aina ya fedha, hurejea kwenye fedha iliyozoeleka katika mji ule.

Sarafu nazo zina mipaka yake. Za peni 1 na 2 ni halali kwa deni lisilozidi peni 20. Za peni 5 na 10 mwisho wake ni pauni 5. Za peni 20 na 50 ni pauni 10. Sarafu za pauni 1 na 2 hazina kikomo. (Sisi wenye maduka yanayorudisha chenji kwa pipi tusiwacheke.)

Wapo wanaohofu kwamba noti ya benki ya biashara yaweza kuwa karatasi tupu benki ikifilisika. Hofu hiyo ina jibu. Sheria ya mwaka 2009 inazitaka benki hizo ziwe na akiba kamili ya kuzidhamini noti zao, na sehemu ya akiba hiyo huwekwa Benki Kuu, ikiwemo noti za pekee za pauni milioni 1 na milioni 100 ambazo hazitoki nje kamwe.

Hivyo basi tunawashauri wenye jamaa Uskoti na Ireland ya Kaskazini: anayekuja nyumbani na fedha taslimu abadilishe noti zake kwenye benki ya huko kabla ya safari, au atume kwa akaunti. Aliyekwisha kuzileta asizitupe wala kuziuza kwa bei ya hasara mitaani. Zetu tulimpa msafiri mwaminifu aliyekuwa akienda Birmingham, akaziweka kwenye akaunti yake ya benki, kisha akatutumia pauni zote 120. Ada zililipwa, ingawa kwa kuchelewa, na watoto wawili walikwisha kurudishwa nyumbani siku nne kwa ajili hiyo.

Tulikwenda watatu kwa yule mama, mweka hazina akiwa mbele. Alitupokea, akatukaribisha kahawa, wala hakulitaja jambo lile mpaka tulipolitaja wenyewe. Alichotaka ni kimoja: aone kitabu cha muhtasari. Tulikileta jioni ileile. Maneno "zenye shaka" tuliyakata kwa mstari mmoja, pembeni tukaandika "za Bank of Scotland, pauni 20 kila moja, zimepokelewa," tukatia saini sote watatu, naye akasoma kwa miwani yake hadi mwisho.