Kulegeza Msimamo Si Kushindwa



Mataifa mawili yanapohasimiana, wengi huamini kwamba amani hulindwa na yule mwenye kutisha zaidi, na anayelegeza msimamo huitwa mwoga. Mkasa wa Oktoba 1962 hutajwa mara nyingi kuwa ushahidi wa imani hiyo. Sisi tunaona kwamba unafundisha jambo jingine.

Mwaka huo Umoja wa Kisovieti ulipeleka kwa siri makombora ya nyuklia nchini Kuba. Tarehe 22 Oktoba Rais John F. Kennedy wa Marekani alitangaza kwamba manowari zake zingezuia meli zenye kupeleka silaha kisiwani humo. Dunia ikashikwa na hofu. Tarehe 25 Baba Mtakatifu Yohane XXIII, kwa njia ya Redio Vatikano, aliwasihi wakuu wa mataifa wasikie kilio cha wanadamu, wakae wazungumze. Siku tatu baadaye Nikita Khrushchev alitangaza kuyaondoa makombora yale. Wengi wakasema: vitisho vimeshinda.

Lakini huo ulikuwa nusu ya ukweli. Marekani ilitoa ahadi ya kutoivamia Kuba. Tena, jioni ya tarehe 27, Robert Kennedy, nduguye Rais, alimhakikishia kwa siri balozi wa Kisovieti kwamba makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki nayo yangeondolewa. Kufikia mwisho wa Aprili 1963 yalikuwa yameondolewa. Hatukatai kwamba vitisho vilikuwa na uzito wake. Hata hivyo, kitisho peke yake humwachia hasimu njia mbili tu: vita au aibu. Ahadi hizo ndizo zilizomfungulia mlango wa kutoka kwa heshima.

Kwa nini basi ahadi ya Uturuki ilifichwa? Kwa sababu Rais alihofia kuonekana mnyonge mbele ya washirika wake na wananchi wake. Kwa usiri huo, waliokuja baadaye walirithi somo potovu: kwamba ukikaza kamba, mwenzako lazima asalimu amri.

Hapo ndipo sisi tunapoguswa. Katika waraka wa *Pacem in Terris*, Aprili 1963, Papa yuleyule alifundisha kwamba amani ya kweli hujengwa juu ya kuaminiana, wala si juu ya usawa wa silaha. Kiongozi hawezi kupatana na jirani hadharani iwapo watu wake humshangilia anapotisha na kumzomea anapopatana. Viongozi wa walei, tuwafundishe waamini wetu kumheshimu anayethubutu kulegeza.