Daktari Mpya Bado Ana Haja ya Mwalimu

Kijana wa ukoo akipata hati ya udaktari, furaha huwa kubwa. Mama hupiga vigelegele, baba huchinja mbuzi, nao wazee husema, "Sasa matibabu yamefika nyumbani." Kwetu Niemba, kwenye reli itokayo Kabalo kwenda Kalemie, furaha hiyo huchanganyika na haraka: twataka kijana ashuke leo, aanze kupasua wagonjwa kesho. Sababu ya haraka hiyo twaijua, maana kumpeleka mgonjwa mbali ni taabu. Hata hivyo si busara.

Wahenga walisema: Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Chuoni kijana husoma habari za magonjwa na dawa, hata huwahudumia wagonjwa mbele ya walimu wake. Lakini neno la mwisho halikuwa lake. Sasa ni lake. Usiku analetwa mama ambaye uzazi umemshinda, au mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria. Apasue au angoje? Amtibu hapa au amsafirishe? Mambo hayo hujifunzwa kando ya daktari mzoefu. Kijana ashike kisu huku mkono wa mkubwa uko karibu. Apite naye vitandani asubuhi, aulizwe kwa nini ametoa dawa hii na si ile. Tena ajifunze kusema, "Hili sijui, nimwite mwenzangu." Neno hilo limeokoa wengi.

Tukumbuke habari za nchi yetu. Siku ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, ilikuwa shida kumpata Mkongo mwenye hati kamili ya udaktari. Walikuwapo wasaidizi wa madaktari, watu waliokwisha kufanya kazi hospitalini miaka mingi. Shirika la Afya la Ulimwengu liliwasaidia makumi yao kwenda Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi wakiwa madaktari. Hao walikuwa na mazoea kabla ya hati. Kijana wa leo ana hati kabla ya mazoea. Basi ayapate sasa, kabla ya kutumwa peke yake.

Ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania, daktari mpya hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya wakubwa. Lakini ajifunzaye kazi naye hula. Huko Kenya, mwaka 2024, madaktari waligoma siku 56, na sababu mojawapo ilikuwa malipo ya hao wapya. Akeshaye na wagonjwa pasipo nauli wala chakula, mwishowe hutafuta kazi nyingine, na hasara ni yetu.

Enyi wazazi, msidai mavuno ya shamba lililopandwa jana. Enyi wanafunzi mtamanio udaktari, jueni kwamba siku ya kupokea hati ndiyo siku ya kuanza. Nasi wa Niemba, tukiletewa daktari kijana, tuombe awe na mkubwa wa kumwongoza. Wauguzi na wakunga wazee wamwonyeshe kazi pasipo dharau, naye asione haya kuwauliza. Kumsubiri mwaka mmoja ni afadhali kuliko kumlilia mgonjwa ambaye angepona.

Mtakatifu Luka, uliyekuwa mganga, utuombee.