Wanakijiji wanaotoa damu kwa utafiti wapewe pia nafasi ya kuamua

MTAFITI anapofika kijijini na sindano na fomu ya ridhaa, aghalabu swali la utafiti huwa limekwisha kutungwa, mfadhili wa ng'ambo amepitisha bajeti, na idadi ya watoto watakaotolewa damu imeandikwa. Kilichobaki kwa mwanakijiji ni kutia saini au dole gumba.

Itakumbukwa kuwa kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi, kilichoanzishwa 1989, kiliandamwa na uvumi kwamba damu inauzwa, wengine wakinong'ona kuhusu ibada za shetani. Wasomi walicheka. Hawakupaswa kucheka. Pwani, hofu ya mumiani ni ya tangu enzi za mkoloni, na mama aliyeona damu ya mwanawe ikichukuliwa alikuwa na haki ya kuuliza inakokwenda. Kwa sifa yake, kituo hicho kilianzisha katika miaka ya 2000 mtandao wa wawakilishi waliochaguliwa na wakazi wenyewe. Ni hatua ya maana, ila wawakilishi hao hushauri tu. Kuamua ni suala jingine.

Chukua mfano wa chanjo ya malaria, RTS,S. Kati ya 2009 na 2014 ilifanyiwa majaribio ya mwisho kwa zaidi ya watoto 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Kilifi. Kenya ilipoanza kuitoa Septemba 2019, ilianzia kaunti nane za magharibi mwa nchi. Kilifi haikuwemo. Sababu ya kitaalamu ilikuwepo, kwani maambukizi yamekithiri zaidi karibu na Ziwa Victoria. Lakini mzazi aliyejitolea mwanawe alistahili kuketi mezani vigezo hivyo vilipokuwa vikijadiliwa.

Wasan wa Afrika Kusini hawakungoja kualikwa. Mwaka 2017 walitangaza kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti, wakiwa wamechoshwa na wageni waliochunguza jeni zao bila kuwashauri viongozi wao ipasavyo.

Hapa nchini, kamati za maadili zina viti vya watu wasio wanasayansi. Hata hivyo, mkulima mmoja miongoni mwa maprofesa, mbele yake itifaki nene ya Kiingereza, atapinga lipi? Itifaki hiyo na ijadiliwe barazani kwa Kiswahili au Kigiriama kabla haijapelekwa kwa mfadhili, wakati ingali inaweza kubadilishwa.