Tundu la Fuvu Lina Haki Yake

Kati ya makala za toleo hili, moja imenikera: ile inayouita ukatili upasuaji bandia, yaani kumpasua mgonjwa wa kundi la kulinganisha bila kumpandikiza chochote. Nimeichapisha kwa kuwa imejengwa vizuri, na kwa kuwa hoja yake imepata nguvu tangu Aprili 2025, jarida la Nature lilipotoa matokeo ya seli za dopamini zilizokuzwa maabara na kupandikizwa kwa wagonjwa wa Parkinson: 7 Kyoto, 12 Marekani na Kanada. Hakuna kundi la kulinganisha, yaani hakuna aliyefanyiwa upasuaji bandia, katika tafiti hizo mbili.

Ukatili ninaoujua mimi ni mwingine. Mwaka 1987 Ignacio Madrazo wa Mexico aliripoti nafuu kubwa kwa wagonjwa wawili waliopandikizwa ubongoni kipande cha tezi yao wenyewe iliyo juu ya figo. Mamia wakafuata, wakapasuliwa tumbo na kichwa, hadi upasuaji huo ulipoachwa kwa kukosa faida. Hakuna aliyewalinda kwa kulinganisha kwanza.

Watafiti wa Denver, Marekani, walilinganisha. Curt Freed na wenzake waliwapandikiza wagonjwa 20 tishu ya vijusi. Wengine 20 walitobolewa fuvu tu, utando wa ubongo usiguswe. Matokeo yalitoka 2001: baada ya mwaka, kwa tathmini ya wagonjwa wenyewe, makundi hayakutofautiana. Waliopandikizwa wenye umri usiozidi miaka 60 walionesha nafuu katika vipimo vya madaktari, lakini baadaye baadhi ya waliopandikizwa walipata mitikisiko isiyozuilika hata dawa zilipopunguzwa au kusitishwa. Mwaka 2004 mtafiti Cynthia McRae akaonesha, kwa wagonjwa wa utafiti huo huo, kwamba aliyeamini amepandikizwa aliyaona maisha yake bora, awe amepandikizwa kweli au la. Bila yale matundu tungeyajuaje haya?

Mtaalamu wa maadili ya tiba Ruth Macklin alipinga upasuaji bandia mwaka 1999, akisema kwamba daktari hana ruhusa ya kumjeruhi mtu asiyetarajiwa kufaidika. Pingamizi hilo ni zito, na jibu lake ni ridhaa ya kweli pamoja na ahadi ya kupandikizwa baadaye. Kati ya wale 20 wa Denver waliotobolewa tu, 14 waliichukua. Na kwa kuwa kulinganisha ndiko kunakowalinda wagonjwa, siafiki sheria ya Japani inayoruhusu tiba za seli kupewa kibali cha masharti kwa ushahidi wa wagonjwa wachache. Kibali kikishatoka, nani atakubali kuwekwa kwenye kundi la kulinganisha?

Makala ya pili, kuhusu vibonge vya protini, alama ya Parkinson, vilivyoonekana 2008 ndani ya seli zilizopandikizwa zaidi ya miaka 10 kabla, isomwe kwa utulivu. Ya tatu inaeleza jinsi uhaba wa tishu ya vijusi ulivyouachia utafiti wa Ulaya uitwao TRANSEURO wagonjwa 11 tu waliopandikizwa.