Ukuta wa Pengo na Nyumba ya Pwani

Aila zetu nyingi hujenga kwa fedha za ndugu walioko ng'ambo, na pamoja na fedha huja shauri. Aliyeko Uingereza huwasihi wa nyumbani wajenge kuta zenye pengo, kisha walijaze pengo hilo. Shauri ni la mapenzi, ila lafaa kupimwa kabla ya kulipiwa.

Ukuta huo ni kuta mbili zilizosimama sambamba, zimeshikamanishwa kwa vipande vya chuma, na baina yake pana uwazi. Uingereza umeenea tangu miaka ya 1920, ili maji ya mvua yasipenye ndani. Baadaye ndipo watu walipoanza kuujaza uwazi, joto la nyumba lisitoke. Vijazo vijulikanavyo zaidi ni vitatu. Kwanza, sufi ya madini, itengenezwayo kwa mawe au kioo kilichoyeyushwa. Hii haishiki moto. Pili, polisterini, ya vibao au ya punje zipulizwazo kupitia matundu. Ni nyepesi, lakini huungua. Tatu, povu limiminwalo likaganda. Hujaza kila pembe, bali kuliondoa ni taabu. Kijazo kikiwekwa vibaya katika ukuta upigwao na mvua ya upepo, unyevu huvuka ndani na ukungu hufuata.

Sisi twahitaji kinyume chake: joto libakie nje. Wazee wetu wa Lamu walijenga kuta nene za matumbawe na chokaa, ambazo huchelewa kupata moto, wakaacha kiwanda ndani ya nyumba ili hewa ipite. Tena kwetu jua hupiga utosini, na sehemu kubwa ya joto huingia kwa paa. Mama apikaye adhuhuri chini ya mabati yasiyo na dari hapati nafuu kwa ukuta wa pengo.

Basi fedha zikiwa haba, twashauri utaratibu huu. Dari itangulie, na baina yake na mabati pawe na matundu ya hewa. Yafuate madirisha yanayokabiliana, yapokee kusi na kaskazi. Kisha kivuli cha baraza au mti upande wa magharibi, na chokaa nyeupe nje. Kikisalia kitu, ukuta wa magharibi ndio ujengwe kwa pengo.

Na kabla fundi hajachimba msingi, aulizwe yule atakayeshinda ndani mchana kutwa, kwani joto hilo atalibeba yeye.